Ziwa Kivu: kabla ya meli ya starehe, nani anahesabu abiria wa Minova?

Mtu mwenye pesa anayetaka kulala juu ya Ziwa Kivu, akipikiwa na kutandikiwa kitanda, ana upande mmoja tu wa kuchagua. Ni upande wa Rwanda. Tangu mwaka 2023, hoteli inayoelea yenye vyumba kumi, Mantis Kivu Queen uBuranga, inatembeza watalii kando ya pwani ya nchi hiyo. Wageni wanaangalia visiwa, wanakunywa kahawa, na jioni wanasikia wavuvi wa sambaza wakiimba huku wakipiga makasia.

Upande wa Kongo, ziwa ni lilelile na sambaza ni ileile. Lakini mkaaji wa Minova, katika wilaya ya Kalehe, jimbo la Kivu ya Kusini, hapandi boti kwa ajili ya kupumzika. Anapanda kwa sababu ana mihogo, maharagwe au ndizi za kuuza Goma, ana mgonjwa, ana mtoto shuleni Bukavu, au kwa sababu barabara imefungwa na bunduki.

Hata hivyo, swali la utalii wa ziwani linarudi kila wakati bunduki zinapotulia kidogo. Vijana wa Goma na Bukavu wanaona kwenye simu zao picha za meli kubwa zinazotia nanga Mombasa na Zanzibar, meli zenye maduka ndani ambamo manukato na pombe vinauzwa bila ushuru. Wanauliza: sisi tuna ziwa lisilo na mamba wala kiboko, liko mita 1,460 juu ya bahari, hewa yake ni baridi kiasi, kwa nini lisitulishe? Ni swali la haki. Ili kulijibu, kwanza inafaa kuelewa meli ya namna hiyo inaishi kwa nini.

Vituo vya kutembelea havikosekani. Kutoka Minova, kisiwa cha Idjwi kiko mbele ya macho, na ni kati ya visiwa vikubwa zaidi ndani ya maziwa ya Afrika. Karibu na Goma kuna Tchegera, kisiwa chenye umbo la mwezi mchanga, ambako Hifadhi ya Virunga iliweka kambi ya mahema kwa watalii. Ukifika Bukavu, mlima Kahuzi uko karibu, pamoja na hifadhi ya Kahuzi-Biega iliyoanzishwa mwaka 1970 na kuingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 1980. Tangu 1997 hifadhi hiyo iko kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na sababu yake kila mtu wa Kivu anaijua.

Kwa hiyo tatizo si mandhari. Tatizo ni hesabu.

Meli ya starehe haitegemei tiketi peke yake. Kampuni nyingi za aina hiyo zinashusha bei ya safari ili mtu apande, halafu zinapata faida yake akiwa ndani: kinywaji, michezo, matembezi ya nchi kavu, na lile duka. Abiria mmoja mwenye nafasi ya kutosha na moyo mtulivu ananunua kuliko abiria watatu waliobanana. Ndiyo maana mwenye meli hiyo hana hamu ya kuzidisha watu.

Boti ya Minova inafanya biashara kinyume na hiyo. Ndani yake hakuna cha kuuza. Mapato yote yanatoka kwenye nauli na kwenye mzigo, na kila mtu anayeongezwa ni pesa inayoongezeka, kama vile kila gunia. Jile ya kuokolea maisha haileti kitu. Inanunuliwa, inachakaa, inachukua nafasi. Anayefikiri kwamba kujaza boti kupita kiasi ni tabia mbaya ya nahodha peke yake hajaangalia vizuri jinsi pesa inavyoingia. Kama hakuna mtu pale kwenye ngazi mwenye uwezo wa kusema «imetosha» na boti ikasimama, boti itajaa.

Duka lisilotozwa ushuru nalo lina masharti yake, na watu wengi hawayajui. Bidhaa zake hazilipiwi ushuru wa duane kwa sababu moja tu: zinahesabiwa kuwa zinatoka nje ya nchi. Kwa kawaida meli ikiwa bandarini duka linafungwa, na linafunguliwa tu meli ikishaacha maji ya nchi ile. Watu wa duane wanajua ni chupa ngapi zilipakiwa na ngapi zimebaki, na mnunuzi anajulikana kwa jina na kwa chumba chake. Nchi za Umoja wa Ulaya zilipofuta msamaha huo kwa safari za kati yao, tarehe 1 Julai 1999, meli zinazokwenda kati ya Sweden na Finland zilipata ujanja wa kisheria: zinapita kwenye visiwa vya Åland, vilivyo nje ya eneo la kodi ya Umoja huo, ili duka liendelee kuuza. Kusimama kidogo tu bandarini hapo kunatosha.

Goma, Minova, Kalehe, Idjwi na Bukavu, zote ni Kongo. Hata ikija kesho meli yenye mazulia na muziki, ikipita vituo hivyo vitano haitakuwa na haki ya kuuza hata sabuni moja bila ushuru, kwa sababu haijatoka nchini. Ili iwe na haki hiyo ingepaswa kugusa Gisenyi au Rusizi na kuvuka mpaka unaopita katikati ya maji. Kwa hali ya uhusiano wa Kinshasa na Kigali ilivyo, anayepanga safari kama hiyo anapanga ndoto.

Msamaha wa ushuru unaowahusu kweli watu wa Minova na Idjwi ni mwingine, na hauna manukato ndani yake. Ni mpango wa biashara ndogo za mipakani wa COMESA, unaowaruhusu wachuuzi wadogo kuvusha bidhaa zilizo kwenye orodha maalum bila ushuru wa duane. Kwenye karatasi mpango huo ni mzuri. Lakini msamaha unagusa ushuru wa duane tu. Ada za huduma zingine zinabaki, na mama mwenye beseni lake kichwani hapewi somo la sheria pale kwenye kizuizi, anaambiwa alipe. Kongo ilikwisha kujaribu kupunguza mikono hiyo: amri ya serikali ya tarehe 28 Machi 2002 iliruhusu huduma nne tu kufanya kazi mipakani, yaani duane, uhamiaji, ukaguzi wa bidhaa na usafi. Zaidi ya miaka ishirini imepita. Msomaji aliyewahi kuvuka na mzigo anaweza kuhesabu mwenyewe ni meza ngapi alizipitia.

Turudi kwenye maji, kwa sababu huko ndiko ukosefu wa hesabu unaua.

Mapema mwaka 2024 mapigano kati ya jeshi la serikali na waasi wa M23 yalifika Sake na Shasha, na barabara namba 2 inayounganisha Goma na Minova ikakatika. Minova ikajaa wakimbizi wa ndani. Goma, mji uliozoea kula kutoka Masisi na Kalehe, ukabaki na ziwa kama mlango mmoja mkubwa wa chakula. Boti zilizokuwa njia mojawapo zikawa njia pekee kwa watu wengi wa Minova. Hazikuongezeka kwa kiasi cha watu walioongezeka.

Tarehe 3 Oktoba 2024, boti Merdi ilitoka Minova kwenda Goma. Ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, mbele ya macho ya watu waliokuwa wanaisubiri. Liwali wa Kivu ya Kusini, Jean-Jacques Purusi, alisema ilibeba watu 278 na kwamba 78 walikufa. Boti hiyo ilielezwa kuwa imetengenezwa kwa watu 80 hivi. Baadaye Goma ikatoa hesabu yake ya muda ya miili 34 iliyopatikana. Hesabu ya liwali na ile ya Goma hazikukutana.

Tofauti hiyo si ugomvi wa maofisa tu. Nyuma yake kuna familia zilizokwenda mochwari na kurudi bila mwili na bila jibu. Mahali ambapo hakuna orodha ya majina iliyobaki nchi kavu, marehemu anathibitishwa na maiti yake tu. Asiyepatikana hakupanda. Na kama hakupanda, nani atamlipa mjane wake, na ofisi ipi itampa yatima karatasi?

Haikuwa mara ya kwanza. Aprili 2019, boti nyingine ilizama upande wa Kalehe na zaidi ya watu 150 hawakujulikana walipo. Raisi Félix Tshisekedi alifika, akaagiza kila abiria avae jile. Agizo lilikuwa sahihi, lakini jile bila hesabu ni nusu ya dawa: mkubwa wa bandari asiyejua kama ndani kuna watu 80 au 278 hawezi kujua ni jile ngapi zinahitajika.

Majirani walilipia somo hilohilo. MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996, orodha ilikuwa na majina 443 ya abiria wa daraja la kwanza na la pili. Abiria wa daraja la tatu, maskini wa safari ile, hawakuandikwa kabisa. Watu mamia walikufa na idadi kamili ina ubishi mpaka leo. Tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere iliyoruhusiwa kubeba watu 101 ilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Walikufa 228, zaidi ya mara mbili ya idadi ambayo ingepaswa kuwa ndani. Tanzania ilikuwa na wizara, wakaguzi na amani. Kwa hiyo wanaosema vita ndiyo sababu ya yote wanasema sehemu tu ya ukweli. Vita ilisukuma watu kwenye maji. Kuwaacha wapande bila kuandikwa kulianza kabla ya M23 na hakuhitaji M23.

Tarehe 21 Januari 2025 M23 ilichukua Minova. Siku chache baadaye iliingia Goma, na katikati ya Februari Bukavu. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa, boti zikasimama, kisha zikaanza tena. Sasa vituo vikubwa vya safari hii vilikuwa chini ya mkono mmoja, ule wa AFC/M23, ambao unakusanya kodi katika miji inayoishika. Kwa mchuuzi wa Minova jambo hilo lina pande mbili. Barabara ya kwenda Sake haikuwa tena mstari wa mbele, na hilo ni nafuu. Lakini anayemlipa leo hatambuliwi na Kinshasa, na boti ikizama leo, karatasi ya nani itakuwa na nguvu mahakamani kesho?

Wengine watasema kuzungumza utalii katika hali hii ni kuwacheka waliokufa. Sivyo. Mtalii na mama wa Minova wanahitaji kitu kilekile kabla ya kuweka mguu ndani ya boti: mtu wa kuandika jina lake kwenye karatasi mbili, moja iende na boti na nyingine ibaki bandarini, mstari uliopakwa rangi ubavuni mwa boti, ambao maji yakiufunika boti haiondoki, na nahodha anayeweza kukataa kuondoka upepo ukichafuka bila kuogopa kufukuzwa. Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo kinachohitaji mfadhili kutoka Ulaya. Daftari, kalamu na kopo la rangi vinapatikana Minova.

Kinachogharimu ni uamuzi wa kukosa pesa ya abiria wa 81. Mwenye boti hataufanya peke yake, kwa sababu mwenzake wa pili atampakia huyo abiria. Unapaswa kufanywa kwa boti zote, siku ileile, kutoka Kituku hadi Bukavu, na mwenye kuusimamia alipwe kwa kazi hiyo bila kutegemea kitu anachopokea kutoka kwa nahodha. Nauli inaweza kupanda. Hilo nalo lisemwe wazi, kwa sababu mchuuzi wa ndizi ndiye atakayelibeba, labda mpaka siku barabara ya Sake itakapokuwa salama kiasi cha kushindana na ziwa.

Kwa sasa anayetaka safari ya starehe atavuka mpaka, ataonyesha paspoti, na jina lake litaandikwa kabla hajapewa ufunguo wa chumba. Na kule Minova, mapema asubuhi, magunia yanashushwa ufukweni, watu wanaulizana kama ziwa limetulia, na anayepokea nauli anahesabu noti.