Kadi ya utambulisho: chipu pekee haitoshi

Tarehe 30 mwezi wa sita 2023, Rais Félix Tshisekedi alipokea mjini Kinshasa kadi ya kwanza ya utambulisho wa taifa ya kisasa. Mwaka uliofuata, serikali ilivunja mkataba wa mradi huo na kampuni za Afritech na Idemia, na raia wengi wakabaki na kadi ya mpiga kura.

Kadi hiyo ya CENI ilitengenezwa kwa ajili ya uchaguzi, lakini ndiyo inayoombwa benki, kwenye vizuizi vya barabarani na wakati wa kununua laini ya simu. Wino wa nyingi zilizotolewa mwaka 2023 ulifutika baada ya miezi michache tu. Watoto hawapewi. Wakaaji wa Masisi, Rutshuru na Kwamouth hawakuandikishwa mwaka huo kwa sababu ya vita na ukosefu wa usalama.

Kadi yenye chipu inaweza kuondoa sehemu ya tatizo. Alama za vidole zikilinganishwa na zile zilizohifadhiwa, ni vigumu mtu kutumia kadi ya mwingine. Lakini chipu haijui kama jina, mahali pa kuzaliwa au uraia ulioandikwa ni wa kweli. Hayo yanatoka kwenye daftari la hali ya kiraia, na hapo ndipo nchi ina udhaifu mkubwa. Hesabu ya mwisho ya watu ilifanyika mwaka 1984. Kuandikisha mtoto ni bure ndani ya siku 90, lakini wengi hawana cheti cha kuzaliwa, na vita vimewatenga wengine na ofisi za serikali.

Mashariki, ambako uraia wa baadhi ya jamii unabishaniwa tangu miaka mingi, jambo hili ni zito zaidi. Mkimbizi wa ndani aliyepoteza karatasi zake atathibitisha vipi kwamba ni Mkongomani? Kadi isiyoghushiwa kirahisi hulinda ukweli ulioandikwa. Kosa pia hulilinda vilevile.

Kwa hiyo, kabla ya kujadili bei ya kadi, serikali inapaswa kueleza mambo mawili: nani ataandikisha wasio na cheti, na raia aliyekataliwa atapeleka malalamiko yake wapi.