Usimwambie Nahodha "Sogea Zaidi"

Mwanafunzi mpenzi,

Neno "nyangumi" umelisoma vitabuni, na huenda unatamani kumwona. Ziwani kwetu hutamwona. Watamu, nchini Kenya, watu huenda baharini kwa boti kati ya Julai na Septemba kuwatazama nyangumi wenye nundu. Kizimkazi, Unguja, huwafuata pomboo. Sisi wakazi wa Kinanira tunateremkia Ziwa Tanganyika, na tumtazamaye ni kiboko. (Jina lake ndilo jina la mjeledi, kwa kuwa mijeledi ilikatwa kutoka ngozi yake.)

Hivi karibuni nilikuwa katika boti karibu na mlango wa mto Rusizi. Kiboko jike alikuwa majini, ndama wake ubavuni. Nahodha alipunguza mwendo, akasimama mbali. Abiria mmoja akatoa noti: "Sogea zaidi, kaka, picha haitoki vizuri." Nahodha akaitazama noti, akasogea. Jike akapanua kinywa chote, nasi tukacheka, tukisema anapiga miayo. Nami nilicheka, ingawa nilijua. Kiboko apanuapo kinywa hivyo mbele ya chombo huwa anaonya, na asiposikilizwa aweza kukipindua.

Walio wengi wangemlaumu nahodha. Mimi simlaumu. Ana watoto wa kulisha, na akikataa yeye, mwenzake atakubali. Siku ile mwenye noti ndiye aliyeshika usukani, nasi tuliokaa kimya tulimsaidia kuushika. Ndivyo ilivyo hata Kizimkazi: boti zikiwazingira pomboo, watafiti wameona kwamba hupunguza kula na kupumzika, lakini mgeni amelipia ukaribu, basi anauziwa ukaribu.

Nchi kavu, Sheria ya Maji ya Burundi ya mwaka 2012 imeweka meta 150 kutoka ukingo wa ziwa ziwe eneo la hifadhi. Wanaojenga humo wanajulikana, na usiku kiboko atokapo kutafuta majani hukuta ukuta. Majini hakuna ukuta wala askari wa kupima umbali. Kuna abiria tu na mifuko yao.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja. Utakapopanda boti, mpe nahodha bakshishi kabla hajawasha injini, umwambie wazi kwamba ni ya kukaa mbali. Abiria mwenzako akitoa noti, sema kwa sauti: "Hapa panatosha, kaka." Ni Kiswahili chepesi, hata wa mwaka wa kwanza anaweza kukitamka.