Gita ya Amerika, gita ya China: tusinunue jina

Jumamosi moja hapa Butembo, vijana wa kwaya moja ya wahamaji waliniita niende kuwarekodi. Walikuwa na furaha kubwa: wamenunua gita ya umeme. Wengi wao walitoka upande wa Kanyabayonga, Kayna na Kirumba, vita vilipowafukuza mwaka 2024. Kwa miezi mingi walichangishana. Huyu analeta franga 500 aliyopata kwa kubeba mizigo sokoni, mama yule analeta 1000 aliyopata kwa kuuza makala. Pole pole wakafika dola 150.

Juu ya kichwa cha gita ile iliandikwa Fender, na chini yake, kwa herufi ndogo, kwamba imetengenezwa Marekani. Muuzaji aliwaambia: "Hii ni ya Amerika kabisa, si mambo ya Wachina." Wakalipa yote, bila kuomba hata risiti.

Siku ile mimi sikurekodi kitu. Kabla ya ubeti wa pili sauti ilikuwa imeharibika. Walikaza kamba, wakaanza tena, ikaharibika tena. Nilirudi kesho yake na mzee mmoja aliyepiga solo katika orkestra za zamani. Alifungua vis nne za nyuma, akatoa shingo, akatuonyesha ndani. Mwili wa gita ulikuwa mbao nyembamba zilizogandishwa kwa gundi, kama tripleksi ya kutengeneza dari. Jina la Fender lilikuwa karatasi tu, alilibandua kwa ukucha. Mama mmoja wa kwaya akauliza: "Papa, sasa zile pesa zetu zilienda Amerika, ama zilienda wapi?"

Swali lile ndilo linanifanya niandike leo. Kuna watu wataniambia: familia zinakosa unga na sheeting, wewe unaongea magita? Ndiyo, naongea. Pesa ile ilikuwa unga. Mtu aliyetoa franga 500 yake kwa ajili ya gita alikuwa amekata chakula cha siku ile. Tena kwaya ndiyo inaimba kwenye matanga yetu na kwenye ndoa zetu, na ndiyo inashika vijana pamoja jioni ambayo wangekuwa barabarani. Kama tumeamua kununua, tununue kwa akili.

Maoni yangu ni haya: gita ile haikutuharibia kwa sababu ilitoka China. Ilituharibia kwa sababu ilikuwa na uongo juu yake. Na sisi tuliamini uongo kwa sababu tumezoea kununua jina la nchi, hatuangalii kitu chenyewe.

Tuanze na bei. Gita mpya ya Fender iliyotengenezwa kweli Marekani, pale Corona katika California, inauzwa madukani kule kwa zaidi ya dola 1000. Kampuni ileile ina kiwanda kingine Ensenada, nchini Mexico, tangu mwaka 1987. Gita ya Mexico inabeba jina lilelile la Fender, lakini bei yake ni karibu nusu. Halafu kuna Squier, jina la pili la Fender, magita ya China na Indonesia, ambayo mengi yanapatikana kati ya dola 200 na 400. Gibson nao wanafanya hivyo: magita yao ya bei kali yanatoka Nashville, Marekani, na yale ya bei nafuu yanaitwa Epiphone, mengi yanatoka kiwanda chao cha Qingdao, China.

Kwa hiyo, mtu akikuletea gita mpya ya Fender ya Amerika kwa dola 150, usiulize maswali mengi. Hakuna anayeuza ng'ombe kwa bei ya kuku. Ama imeibwa, ama ni ya uongo.

Sasa tofauti ile ya pesa inalipia nini? Sehemu kubwa inalipia mishahara. Mfanyakazi wa California analipwa mara nyingi zaidi kuliko wa Indonesia. Sehemu nyingine inalipia kazi ya mkono: mtu anakaa na gita moja, anasugua ncha za vyuma vya shingoni mpaka hazikwaruzi vidole, anapima kila kamba. Sehemu nyingine inalipia vifaa: funguo za kukazia zisizoteleza, swichi na waya bora. Na sehemu nyingine, tusidanganyane, inalipia jina.

Lakini mbao siku hizi zinakatwa na mashine zinazoongozwa na kompyuta, na mashine haijui kama iko California ama Surabaya. Kule Surabaya, Indonesia, kuna kiwanda cha Cor-Tek, kampuni ya Wakorea. Kiwanda kile kimetengeneza magita yenye jina la Cort, ya Ibanez, na ya PRS SE. Majina tofauti, bei tofauti, mlango mmoja. Kinachobadilika ni agizo la mwenye jina: ametaka kazi ya bei gani, na amekubali mitihani mingapi kabla gita haijatoka. Nchi ileile inatoa gita nzuri na gita mbaya, sawa vile hapa kwetu seremala mmoja anaweza kukutengenezea kitanda cha miaka 20 ama cha miezi sita, kulingana na pesa uliyomuachia.

Historia nayo inatufundisha. Miaka ya 1970 watu wa Marekani walicheka magita ya Japani, wakisema ni ya kuiga. Mwaka 1977 kampuni iliyokuwa na Gibson iliwapeleka mahakamani wauzaji wa Ibanez huko Marekani juu ya kuiga umbo la kichwa cha gita zake. Lakini Wajapani waliendelea kujifunza. Mwaka 1982 Fender wenyewe walianzisha kazi Japani, na kiwanda cha FujiGen ndicho kilichowatengenezea. Leo magita yale ya Japani yanatafutwa na watu wenye pesa. Baadaye kazi ikahamia Korea, mishahara ya Korea ilipopanda ikahamia China na Indonesia. Kila mara waliochekwa jana ndio walimu wa leo. Anayesema "ya Wachina ni takataka" anarudia maneno yaliyosemwa juu ya Japani miaka 50 iliyopita.

Na sisi Wakongomani tunaingia wapi katika hesabu hii? Tunaingia ndani kabisa. Gita ya umeme haina sauti kubwa bila mikro, yaani zile sumaku zilizozungushiwa waya chini ya kamba. Sumaku za magita mengi ya bei kali zinaitwa alnico: aluminiamu, nikeli na kobalti. Kobalti, ndugu zangu. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa kwetu, upande wa Kolwezi na Likasi. Waasi walipoingia Kolwezi mwezi wa tano mwaka 1978, bei ya kobalti ilipanda sana ulimwenguni, na watengenezaji wengi wa bafu za muziki wakaacha alnico, wakahamia sumaku za ferite zisizo na kobalti. Vita vya kwetu viligeuza bafu za nchi za mbali.

Mbao nazo ni vilevile. Wenge, mti mweusi mgumu wa misitu ya Afrika ya Kati, Kongo yetu ikiwemo, umetumika kwenye shingo za magita ya besi ya Warwick, kampuni ya Ujerumani. Basi mtu akikuambia kwamba kitu kizuri lazima kitoke mbali, mjibu kwamba uzuri wenyewe mara nyingi uliondoka hapa. Kilichobaki kule ni kazi ya mkono na bei. Na hata kazi ya mkono ipo kwetu: Kinshasa kuna fundi anayejulikana kwa jina la Socklo, ambaye kwa miaka mingi ametengenezea wanamuziki magita.

Tena tusisahau waliotutangulia. Franco Luambo alianza utotoni na gita ya kujitengenezea, kabla ya kuwa Franco wa OK Jazz. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyeimba kwa Kiswahili chetu, alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 akiwa peke yake na gita ya kawaida isiyo na umeme, na mpaka leo wapiga gita wa Ulaya wanajifunza vidole vyake. Hakuna anayeuliza gita yake ilitoka nchi gani.

Haya, sasa mambo ya kufanya. Haya ndiyo mzee wetu alitufundisha siku ile, na mimi nayaleta kwenu jinsi nilivyoyasikia.

Kwanza, funga jicho moja, tazama shingo kutoka kichwani kwenda chini, sawa vile seremala anavyotazama ubao. Ikiwa imepindika kama kamba, iache. Ikiwa imejikunja kidogo tu, uliza kama ina chuma cha kunyoosha ndani, na kama tundu la kukazia liko wazi.

Pili, piga kamba ikiwa wazi, halafu ibonyeze kwenye chuma cha 12 na uipige tena. Sauti iwe ileile, ila ya juu. Kama hailingani, tazama vipande vya chini vinavyoshika kamba, kama vinaweza kusogezwa. Visiposogea, gita ile haitaimba vizuri hata siku moja.

Tatu, kaza kamba zote, vuta kila moja kwa kidole kwa nguvu, halafu usikilize tena. Zikishuka kila mara, funguo ama mfupa wa juu ni mbovu. Vitu hivi vinabadilishwa, lakini bei ipunguzwe.

Nne, usinunue bila kuchomeka kwenye ampli. Zungusha vifungo, chezesha tundu la waya. Na kwa sisi tunaotumia moto wa jenereta ndogo, tafuta gita yenye mikro za koili mbili. Aina ile ilibuniwa Gibson na Seth Lover mwaka 1955 ili kuua mlio wa umeme, "mmmm" ule unaofunika mahubiri.

Tano, na hili ni la wahamaji hasa: chagua gita yenye shingo iliyofungwa kwa vis. Zile ambazo shingo imegandishwa kwa gundi na kichwa kimelala nyuma, kwa mtindo wa Gibson, zikianguka zinavunjika shingoni kwa urahisi, na kuzirudisha ni kazi ngumu. Ya vis unaifungua kwa turnavisi, unafunga shingo na mwili kwenye kitenge, unaenda. Nilikutana na kijana aliyetoka Kirumba na shingo tu ndani ya mfuko. Mwili ulikuwa mzito, mikono yake ilikuwa na mdogo wake. Hapa Butembo seremala alimchongea mwili mpya kwa ubao wa libuyu, akanunua mikro ya mtumba, na leo anapiga. Gita ile ni ya nchi gani? Shingo ya Indonesia, mwili wa Kongo. Sauti yake nimeisikia, ni nzuri.

Sita, usimalize pesa yote kwenye gita. Ukiwa na dola 150, weka angalau 30 kwa kamba mpya na fundi. Gita ya kawaida ya Indonesia ama ya China iliyotengenezwa vizuri na fundi wa hapa, inashinda ya jina kubwa iliyoachwa jinsi ilivyotoka kwenye kartoni.

Kwa wachungaji, mapadri na mashirika yanayosaidia vijana wetu: mkiwanunulia vyombo, waiteni wapigaji wenyewe waje kuchagua, na mlipe fundi mara moja kwa mwaka. Kwa wafanyabiashara wanaopandisha mizigo kutoka Kampala mpaka Kasindi: uzeni gita ya China kama gita ya China. Hakuna haya ndani yake. Haya iko kwenye karatasi mnayobandika juu.

Na ile kwaya? Muuzaji hakurudisha hata franga. Mzee alisugua vyuma, akachonga mfupa mpya kutoka mfupa wa ng'ombe, akaunganisha waya upya kwa moto. Hakuchukua malipo, aliomba chai tu. Jumapili iliyofuata waliimba mpaka mwisho. Juu ya kichwa cha gita, pale jina la uongo lilipokuwa, vijana wameandika kwa kalamu majina ya vijiji walivyotoka.