Majivu ya makaa ya mawe yaende kwenye tofali, sio kwenye zabibu

Vijana wenzangu wa zabibu na vitunguu, kuna swali linanifuata sana siku hizi: "Afisa, majikoni mashuleni majivu ni ya bure, nimwage shambani?"

Taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziliagizwa kuacha kuni na mkaa Januari 2024. Baadhi zimehamia gesi, nyingine mkaa mbadala kama Rafiki Briquettes wa STAMICO, unaotokana na makaa ya mawe. Sina ugomvi nao, unaokoa miti yetu. Ugomvi wangu ni ile kauli ya "majivu ni majivu".

Sio kweli. Kuni kilo 100 zinaacha majivu kilo moja au mbili, mengi yakiwa chokaa na potasi. Bibi zetu wanayatia kwenye mboga, na hawajakosea. Makaa ya mawe ni mwamba. Kilo 100 zinaweza kuacha kilo 10 mpaka 30 za majivu, na humo kunabaki madini yaliyokuwa kwenye mwamba: boroni, arseniki, risasi. Kiasi kinategemea mgodi, kwa hiyo kwa macho huwezi kujua umebeba nini.

Sasa tazama Dodoma yetu. Mvua ni msimu mmoja tu, milimita 500 na kitu, haitoshi kuosha kitu kikashuka chini. Ukimwaga leo, mwaka kesho bado kipo kwenye mizizi. Mzabibu nao hauvumilii boroni ikizidi. Majani yanaungua pembeni, unadhani ni ukungu, unakimbilia duka la dawa. Hapo hela imeenda mara mbili.

Kwa maoni yangu mali ya majivu haya iko kwenye ujenzi. Wenzetu wenye mitambo mikubwa ya umeme wa makaa wanayatia kwenye saruji. India mwaka 1999 serikali iliagiza wafyatua tofali walio ndani ya kilomita 50 kutoka kwenye mtambo wachanganye angalau asilimia 25 ya majivu kwenye udongo. Na hapa mjini, tangu serikali ihamie, nani hajengi? Kijana mwenye tanuru Bahi au Chamwino aongee na mkuu wa shule, ayachukue, ayachekeche, ayaloweshe ili vumbi lisimwingie kifuani, aanze na tofali chache za majaribio kabla ya kuchoma tanuru zima.

Kama shida yako ni ardhi ya magadi, ile inayotuamisha maji na kukauka kama sakafu, dawa yake ni jasi, na jasi inachimbwa hapo Itigi tu, Singida. Ila pima udongo kwanza, ndipo ununue.

Aliyeshamwaga, asiongeze. Achukue udongo wa pale na wa sehemu isiyomwagwa, kila mmoja mfuko wake, aniletee ofisini tuupeleke maabara kabla hajapanda kitu kingine.