Kiwanja kando ya SGR: Thamani ipo stesheni, si relini

TANGU treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, Juni 14, 2024, na kufika Dodoma Julai 25 mwaka huo, madalali wa ardhi wamepata msemo mpya wa kuvutia wateja: “Kiwanja kipo karibu na SGR.”

Maneno hayo yanatosha kumfanya mfanyakazi anayekaribia kustaafu aelekeze kiinua mgongo chake Soga au Ruvu, akiamini kuwa baada ya miaka kumi atakuwa tajiri. Swali ambalo wengi hawajiulizi ni moja: karibu na SGR maana yake ni karibu na nini hasa?

Hoja ya madalali si uongo mtupu. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Miji kama Itigi na Kaliua ilistawi kutokana na reli hiyo. Lakini maduka, masoko na nyumba za wageni vilijengwa kuzunguka stesheni, mahali ambapo treni husimama, abiria hushuka na mizigo hupakuliwa.

Tofauti hiyo ina uzito zaidi leo. Treni ya zamani ilisimama katika vituo vingi vidogo. Treni ya SGR, yenye uwezo wa kukimbia kilometa 160 kwa saa, ina stesheni nne tu katikati ya Dar es Salaam na Morogoro: Pugu, Soga, Ruvu na Ngerengere. Kutoka Ruvu hadi Ngerengere ni takriban kilometa 60. Mwenye nyumba katikati ya vituo hivyo ataishia kuipungia treni mkono. Atabaki na mngurumo wake, na pengine na uzio unaomlazimu kuzunguka mbali hadi kwenye kivuko ili afike shuleni au zahanati iliyo ng’ambo.

Hata kwa aliye jirani na stesheni, hesabu ya nauli haikwepeki. Kwa viwango vilivyotangazwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) mwaka 2024, nauli ya daraja la kawaida kutoka Dar es Salaam hadi Pugu ilikuwa Sh1,000, na hadi Soga Sh4,000. Mkazi wa Soga anayefanya kazi mjini siku 22 kwa mwezi angetumia Sh176,000 kwenda na kurudi, kabla ya kulipa bodaboda kutoka nyumbani hadi stesheni. Aidha, Soga haipo kando ya Barabara ya Morogoro. Treni ikimpita, njia mbadala si nyepesi. Ratiba ya asubuhi na jioni, pamoja na barabara ya kufika stesheni, ndivyo vitakavyoamua kama mpangaji atakubali kuishi huko.

Hali ni tofauti kidogo panapohusika mizigo. Huko Kwala, mkoani Pwani, bandari kavu ilizinduliwa Julai 31, 2025. Eneo la namna hiyo huweza kupandisha thamani ya maghala, karakana na vyumba vya kupangisha wafanyakazi. Lakini kinachomfaa mwenye ghala si lazima kiifae familia inayotafuta utulivu. Malori hayachagui saa ya kupita.

Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, imo katika karatasi. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 inatambua kuwa anayetwaliwa ardhi yake kwa manufaa ya umma anastahili fidia kamili, ya haki na ya haraka. Kinga hiyo ni ya mwenye haki juu ya ardhi hiyo, si ya aliyejenga ndani ya hifadhi ya reli. Hati ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa haiwezi kuigeuza hifadhi kuwa kiwanja.

Majirani zetu wa Kenya wanalijua hilo. Syokimau, nje kidogo ya Nairobi, ilipata stesheni ya kisasa Novemba 2012. Mwaka mmoja kabla, Novemba 2011, nyumba zilibomolewa katika eneo hilo kwa madai kuwa zilijengwa kwenye ardhi ya uwanja wa ndege, ingawa wenyewe walikuwa na nyaraka mikononi.

Ndiyo maana mnunuzi makini huanza kwa upekuzi katika ofisi ya Msajili wa Hati, akaitazama ramani ya upimaji na mpango wa matumizi ya ardhi, kisha akalihakikishia Shirika la Reli Tanzania (TRC) mipaka ya hifadhi yake kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Lipo na jambo la mwisho. Muuzaji naye ameiona treni. Bei anayoitaja leo tayari imebeba matumaini ya kesho, na anayenunua kwa bei hiyo huenda analipia faida ambayo mwingine amekwishaivuna. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kiwanja kinachotembezwa mtaani kwa jina la SGR kinahitaji kuulizwa maswali mengi kuliko treni yenyewe.