Jasho la Wawili Liandikwe Wangali Wanapendana

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotawala ndoa Tanzania Bara, imepita nusu karne, na bado wapo wake kwa waume wanaofika mahakamani wakiamini kwamba mali ni ya yule ambaye jina lake limo kwenye hati, basi. Si hivyo. Kifungu cha 114 kinaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja. Kinaitaka itazame mila za jamii ya wanandoa, mchango wa kila mmoja wa fedha, wa mali au wa kazi, madeni waliyoingia kwa manufaa ya wote wawili, na mahitaji ya watoto wadogo. Baada ya kuyapima hayo, ielekee kwenye usawa. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilikata mzizi wa fitina kuhusu neno hilo «kazi»: kupika, kufua, kulea watoto na kutunza nyumba ni kazi, na kazi hiyo ni mchango katika kuchuma mali ya familia.

Hukumu hiyo husifiwa sana, na inastahili. Lakini ina upande wa pili ambao husimuliwa kwa nadra. Mwanamke aliyekata rufaa hakupata fungu alilolidai. Mahakama iliona kwamba mumewe alikwisha kumpa fedha za kuendeshea mradi wa kuinua familia, naye akazitapanya. Kanuni ikashinda, mwenye shauri akashindwa. Nasisitiza jambo hili kwa sababu ndani yake mna fundisho kubwa kuliko sifa zote: haki ya mchango ipo, ila hakimu hawezi kuigawa kwa kusikia kilio. Huuliza nani alitoa nini, lini, na nani alishuhudia. Familia nyingi hazina jibu, kwa kuwa wakati wa kujenga hakuna aliyeweka hata risiti ya mabati.

Ndiyo maana nashauri kwamba mahesabu ya ndoa yaandikwe wakati wa amani. Tuanze na kiwanja. Kifungu cha 60 kinasema mali iliyopatikana ndani ya ndoa kwa jina la mmoja hudhaniwa kuwa yake hadi mwingine athibitishe vinginevyo. Ikiwa kwa majina ya wote wawili, hudhaniwa kuwa wana haki sawa. Tofauti kati ya hali hizo mbili ni mstari mmoja tu kwenye mkataba wa mauziano mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na mstari huo hauna gharama yoyote. Anayeuacha humtupia mwenzake mzigo wa kuja kuthibitisha, pengine baada ya miaka ishirini, kwamba fedha za saruji zilitoka kwenye genge lake la nyanya. Kwenye ndoa ya wake wengi mzigo huo huwa mzito zaidi, maana hapo ni lazima ijulikane nyumba ipi ilijengwa kwa jasho la nani.

Madeni nayo yana kisa chake. Siku hizi mke hukopa kikoba, mume hukopa kazini, na wote wawili hukimbilia mikopo ya kausha damu karo inapobana. Sheria inatambua deni lililoingiwa kwa faida ya pamoja, lakini likikopwa kwa siri, marejesho yake humwangukia aliyetia sahihi peke yake, hata kama fedha zote ziliishia kwenye ada na dawa za watoto. Daftari moja la nyumbani, lenye tarehe, kiasi na matumizi, linatosha kumwokoa mtu huyo.

Wako watakaosema kwamba kuandika hivi ni kuleta biashara chumbani na kuitabiria ndoa mabaya. Hoja hii naiheshimu, kwa kuwa inatoka kwa watu wanaoipenda ndoa. Lakini ni nani anayeoa bila mashahidi? Mahari yenyewe hutajwa mbele ya watu, tena mara nyingi huandikwa, na hakuna bibi harusi anayeona ametukanwa. Kwa Waislamu, aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 katika Sura ya Al-Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi, na walioamrishwa ni waumini wanaoaminiana.

Wengine, wanaume hasa, husema wao ndio walioajiriwa, hivyo maandishi yatawanyang'anya. Kinyume chake ni kweli vilevile: aliyenunua kiwanja kabla ya ndoa ataihitaji hati yenye tarehe ya ununuzi kuliko mtu mwingine yeyote. Sheria huiingiza kwenye mgawanyo mali ya kabla ya ndoa pale tu ilipoboreshwa sana kwa juhudi za wote wawili au za mwenzi asiye mwenye mali. Pasipo maandishi, nani atatenganisha kiwanja na nyumba iliyosimama juu yake?

Kuna pia kosa la kudhani kwamba barua ya talaka, au kikao cha baraza la usuluhishi, ndicho kikomo cha mambo yote. Baraza husuluhisha, na likishindwa hutoa hati ya kwenda mahakamani. Amri ya kugawa mali ni ya mahakama. Mwanamke anayerudi kwao na masanduku mawili kwa sababu «ameshaachwa» ameiacha haki yake njiani. Matunzo ya watoto ni jambo lingine kabisa: kifungu cha 129 kinamwekea baba wajibu huo hata kama watoto wanaishi kwa mama, wala hakiulizi nani alianza ugomvi.

Ugomvi ukishaanza, muda huwa mfupi. Kifungu cha 59 kinakataza kuuza nyumba ya ndoa au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzi, lakini nyumba nyingi zimeuzwa kabla mwenzi hajasikia lolote, kwa kuwa mnunuzi aliona jina moja kwenye karatasi na kuridhika. Penye majina mawili, mnunuzi huyohuyo atauliza sahihi ya pili iko wapi kabla hajafungua mkoba.