Mficha ajali kazini, maafa humuumbua

KILA mara jumba linapoporomoka likiwa bado linajengwa, au kiwanda kinapoteketea, hadithi inayofuata huwa ni ile ile. Viongozi hufika, rambirambi hutolewa na uchunguzi huamriwa. Kisha, siku ya pili au ya tatu, mashahidi huanza kusimulia waliyoyaona kabla ya mkasa: nguzo iliyokuwa imepasuka, mtambo uliokuwa ukitoa cheche, mlango wa dharura uliokuwa umefungwa kwa kufuli.

Swali lisiloulizwa vya kutosha ni hili: habari hizo zilikuwa wapi kabla ya watu kufa?

Haiwezi kudaiwa kuwa Kenya imekosa sheria. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri kumfahamisha afisa wa usalama wa eneo lake kuhusu ajali yoyote, tukio la hatari au sumu inayowadhuru wafanyakazi. Iwapo mtu amefariki, habari hiyo inapaswa kumfikia afisa huyo katika muda wa saa 24, na maelezo ya maandishi kufuata katika siku 7. Majeraha yote yanafaa kuandikwa katika rejista ya mahali pa kazi.

Sheria hiyo haikumsahau mfanyakazi. Anapoona hatari kubwa iliyo karibu kutokea, ana wajibu wa kumjulisha msimamizi wake mara moja, na mwajiri hana ruhusa ya kumlazimisha arejee mahali hapo kabla ya hatari kuondolewa. Isitoshe, palipo na wafanyakazi 20 au zaidi, lazima pawe na kamati ya usalama na afya.

Ikiwa maandishi ni mazuri kiasi hicho, mbona ajali nyingi zinaishia kwenye midomo ya walioziona?

Jibu la kwanza ni hofu. Kibarua wa mjengo anayelipwa kwa siku anajua kwamba langoni kuna wenzake wanaosubiri nafasi yake. Akisema kwamba jukwaa analosimamia linayumba, huenda asiitwe kesho. Hakuna barua ya kumfuta kazi itakayoandikwa, na kwa hivyo hana ushahidi wa kupeleka popote. Kwake yeye, kunyamaza ndiko kulinda unga wa watoto wake.

Jibu la pili ni gharama. Mwajiri huona kila ripoti kama mwaliko wa wakaguzi, wa mawakili na wa kampuni ya bima inayotaka kuongeza malipo. Ni rahisi zaidi kumpeleka aliyekatwa kidole katika zahanati ya jirani, kumpa pesa kidogo na kumwomba asizungumze.

Anayeumia zaidi katika makubaliano hayo ya chini kwa chini ni yule yule aliyejeruhiwa. Chini ya Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, iliyopitishwa pia mwaka 2007, haki ya kulipwa hupotea endapo ajali haikuripotiwa kwa mwajiri katika muda wa miezi 12. Naye mwajiri anatakiwa kumwarifu Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini katika siku 7 baada ya kupata habari.

Mnamo Desemba 2019, Mahakama ya Juu ilishikilia kwamba sheria hiyo ni halali, na kwamba madai ya aina hiyo sharti yaanzie kwa Mkurugenzi wala si kortini. Maana yake ni kwamba karatasi ya ripoti ndiyo mlango wa fidia. Mfanyakazi aliyekubali noti chache ili ajali yake isiandikwe anaweza kugundua baadaye, mkono ukiwa umekufa ganzi, kwamba mlango huo umefungwa.

Jibu la tatu halitajwi sana, nalo ni la hatari zaidi. Ni ile tabia ya kupima usalama kwa uchache wa ajali zilizoandikwa. Katika viwanda vingi duniani, ubao hutundikwa ukihesabu siku zilizopita bila ajali. Meneja husifiwa, na pengine huongezwa marupurupu, hesabu hiyo inapopanda. Polepole kila mtu hujifunza kwamba kosa ni kuandika ajali, si kuisababisha.

Mkasa wa jukwaa la kuchimba mafuta la Deepwater Horizon, katika Ghuba ya Mexico, ni funzo chungu kuhusu jambo hili. Mnamo Aprili 20, 2010, wakuu wa kampuni walikuwa wamelizuru jukwaa hilo, miongoni mwa mengine kuwapongeza wafanyakazi kwa kutimiza miaka 7 bila ajali ya kumfanya mtu akose kazi. Usiku huo gesi ililipuka na kuwaua watu 11. Wiki chache kabla, wafanyakazi walipohojiwa kuhusu usalama, baadhi yao walikiri kwamba waliogopa kuadhibiwa iwapo wangeripoti mambo ya hatari. Ubao ulisema salama. Wafanyakazi walijua vingine.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huko Bangladesh, ufa wenyewe ulionekana kwa macho. Mnamo Aprili 23, 2013, nyufa zilitokea katika jumba la Rana Plaza lililokuwa na viwanda vya nguo, karibu na jiji la Dhaka. Benki na maduka ya chini yalifungwa. Washonaji waliamriwa kurudi kazini siku iliyofuata, baadhi yao wakitishiwa kunyimwa mshahara. Asubuhi hiyo jumba liliporomoka. Watu 1,134 walipoteza maisha.

Katika mkasa huo habari haikukosekana. Kilichokosekana ni uwezo wa mshonaji wa kusema “siingii” na bado akabaki na kazi yake. Kenya, ambayo ina maelfu ya washonaji katika viwanda vya nguo za kuuzwa ng’ambo, haina sababu ya kuutazama mkasa huo kama wa mbali.

Ipo sekta moja iliyokabiliana na tatizo hili mapema, nayo ni ya usafiri wa ndege. Mnamo Desemba 1, 1974, ndege ya shirika la TWA ilipiga mlima katika jimbo la Virginia, Marekani, na kuwaua watu wote 92 waliokuwemo. Ilibainika kwamba wiki 6 hivi awali, marubani wa shirika jingine walikuwa wamenusurika chupuchupu mahali hapo hapo, kwa kuyaelewa maagizo visivyo kwa namna ile ile. Waliripoti kwa mwajiri wao, naye akawaonya marubani wake. Marubani wa TWA hawakuambiwa.

Kutokana na mkasa huo, mwaka 1976 Marekani ilianzisha mfumo wa ripoti za siri unaosimamiwa na NASA, shirika ambalo halina mamlaka ya kumwadhibu rubani. Anayeripoti kosa lake asilolikusudia katika muda wa siku 10 hupata kinga dhidi ya adhabu. Kinga hiyo haihusu uhalifu wala ajali yenyewe. Majina huondolewa, na mafunzo husambazwa kwa mashirika yote. Zaidi ya ripoti milioni 1 zimepokelewa tangu hapo.

Kenya inaweza kuazima mambo matatu kutoka kwa mfumo huo bila kusubiri sheria mpya.

Kwanza, anayepokea ripoti asiwe yule anayeweza kumfuta kazi mwenye kuripoti. Kamati za usalama, ambazo katika sehemu nyingi hukutana ili tu kutimiza sheria, zinafaa kupewa kazi hiyo, na wafanyakazi wa kandarasi na vibarua wawe na mwakilishi ndani yake. Ripoti ikubaliwe kwa mdomo au kwa simu, kwa lugha anayoielewa mfanyakazi. Fomu ya Kiingereza iliyofungiwa katika ofisi ya msimamizi haiwezi kumsaidia mtu aliye juu ya jukwaa.

Pili, matukio ya kunusurika yahesabiwe. Tofali lililoanguka bila kumgonga mtu ni onyo lililotolewa bure. Meneja apimwe kwa idadi ya maonyo aliyoyapokea na kuyashughulikia, na kila aliyeripoti aelezwe hatua iliyochukuliwa. Mtu aliyesema mara mbili bila kujibiwa hatasema mara ya tatu.

Tatu, Idara ya Usalama na Afya Kazini isiishie kuhifadhi fomu kwenye kabati. Itoe mara kwa mara mafunzo ya ajali kwa kila sekta bila kutaja majina, ili kilichomkata mtu mkono katika eneo la Industrial Area, Nairobi, kisimkate mwingine Thika au Mombasa.

Waajiri watauliza: je, kinga hii haitawalinda wazembe? Hofu hiyo ina msingi, lakini jibu lake linajulikana. Aliyeteleza akasema hafai kuwekwa kapu moja na aliyeondoa kinga ya mashine kwa makusudi, wala na aliyeficha ajali. Adhabu iwe kwa wawili hao wa mwisho.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya mazingira ya kazi yanayofaa. Mnamo Juni 2022, Shirika la Kazi Duniani (ILO) nalo liliorodhesha usalama kazini miongoni mwa haki za kimsingi. Haki hizo zitabaki kwenye makaratasi mradi kibarua anayeuona ufa anahesabu kwanza atakachopoteza akiutaja. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Tofauti ni kwamba kazini, anayeficha na anayekufa aghalabu si mtu mmoja.